Kirusi Bado Kimo kwenye Madesa Yetu

Kimya kilikuwa kirefu, najua. Testi zilifuatana, bumu likachelewa, yale yale mnayoyajua. Leo sina habari za kafteria wala za maji kukatika hosteli. Leo nina ugomvi.

Ugomvi wenyewe ni na kikundi changu, kile cha madesa ya ualimu. Nimeusema kikaoni mara mbili nikajibiwa "hoja imepita, tuendelee". Kwangu mimi haijapita. Nauleta hapa kwa sababu wengi mnaosoma ukurasa huu mna nakala ya madesa yale kwenye laptopu zenu, na mna haki ya kujua mmebeba nini.

Kwa wageni nieleze kidogo. Sisi wa Elimu tuna kikundi cha watu kama thelathini hivi. Tunakusanya maazimio ya kazi, maandalio ya somo, nukuu, michoro na maswali ya kidato cha kwanza mpaka cha nne, ili mtu akienda TP asianze na karatasi nyeupe. Zamani vitu hivi vilikuwa vinatembea kwenye flashi. Mlikuwa mnakuta faili la Jiografia lina majina sita: Jiografia mpya, Jiografia mpya kabisa, Jiografia ya mwisho, Jiografia ya mwisho kweli... na hujui ufuate lipi. Basi kaka mmoja wa kompyuta akatuhurumia, akatuletea Git.

Git, kwa tusiojua, ni programu ya kutunza matoleo. Ilitengenezwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux. Unaweka kazi yako kwenye folda, na kila ukifika mahali pa kupumua unakomiti, yaani unapiga picha ya folda nzima jinsi ilivyo saa hiyo, na jina lako, na tarehe, na neno la kueleza ulichofanya. Picha zote zinabaki. Ukiharibu kitu leo unarudi kwenye picha ya jana. Mkusanyiko wote huo tunauita hazina. Ya kwetu iko GitHub, na kila mwanakikundi ana nakala kamili kwake. Nasisitiza neno kamili, mtaona kwa nini.

Likizo iliyopita kirusi kikaingia. Sitataja nani alikileta, na kwa kweli haijalishi, maana njia iliyotumika ni njia yetu sote: flashi ilipita kwenye kompyuta ya steshenari, ikarudi na wageni. Mnawajua wageni hao. Kinaficha folda zako za kweli, kinaweka badala yake programu yenye picha ya folda na jina lile lile. Kwetu ilikuwa folda ya Ramani. Ikafichwa, ikazaliwa Ramani.exe yenye sura ya folda ya njano. Na kwa vile Windows yenyewe huwa inaficha zile herufi za mwisho za jina la faili usipoiambia ionyeshe, wewe unaona "Ramani" tu. Unabofya mara mbili kwa amani kabisa, na folda inafunguka kweli, kwa sababu kirusi ni kijanja, kinakufungulia ile iliyofichwa huku chenyewe kinaingia kazini. Pembeni yake kulikuwa na autorun.inf na shotikati tatu nne. Mwenzetu akaandika git add na nukta mbele yake, ambayo maana yake ni "zoa vyote vilivyomo humu", akakomiti, akasukuma. Vikaingia hazina pamoja na maandalio ya kidato cha pili.

Wiki iliyofuata, kabla hata hatujagundua, tukaweka tagi. Tagi ni lebo unayobandika kwenye picha moja ili uipate kirahisi baadaye. Hii tuliiita mtaala-wa-zamani, na sababu yake wote tunaijua: mtaala ulioboreshwa ulianza kwa kidato cha kwanza, wale waliokuwa mbele wakaendelea na ule wa zamani. Mwalimu anayefundisha madarasa mawili anahitaji madesa mawili tofauti. Tagi ilikuwa wazo zuri sana. Bahati mbaya ilibandikwa juu ya picha yenye Ramani.exe ndani.

Miezi miwili baadaye dada mmoja laptopu yake ikapiga kelele, kirusi kikajulikana. Viongozi wetu wakafanya nini? Wakafuta faili, wakakomiti na maneno "nimeondoa virusi", wakasukuma, wakaandika kwenye grupu "tatizo limekwisha, asanteni kwa uvumilivu". Watu wakaweka dole gumba.

Jamani... halijaisha!

Ukifuta faili kwenye Git na kukomiti, umepiga picha mpya ambayo faili hilo halimo. Picha za nyuma ziko pale pale, na faili limo ndani yake kama lilivyokuwa. Ndiyo kazi ya Git, hiyo ndiyo tuliyoitakia. Mtu akichukua nakala leo anachukua picha zote tangu ya kwanza, pamoja na zile zenye kirusi. Kwa hiyo nyinyi mliojiunga mwezi uliopita, baada ya "tatizo kwisha", nanyi mnacho. Kimo kwenye lile folda la .git ambalo halionekani mpaka ulitafute.

Nilipolisema hili kikaoni nikaulizwa, wewe wa Jiografia na Kiswahili, haya ya Git umeyasomea wapi? Wenzangu wakacheka kidogo. Sawa. Nikaenda nikafanya jaribio, kwa sababu sisi walimu watarajiwa tumefundishwa mwanafunzi asiyeamini umwonyeshe.

Kuna faili linaitwa EICAR. Si kirusi, halina madhara yoyote. Ni mstari mmoja wa herufi 68 uliotungwa makusudi ili mtu apime kama antivirusi yake iko macho. Antivirusi zinazoeleweka zikiliona zinapiga kelele kama zimeona adui wa kweli. Nikatengeneza hazina ndogo ya majaribio kwenye laptopu yangu. Nikaizima antivirusi dakika mbili, nikaliingiza faili, nikakomiti. Kisha nikalifuta kwa git rm, nikakomiti tena, nikaiwasha antivirusi na kuiambia ikague folda yote pamoja na lile lililofichika. Jibu: safi, hakuna kitu. Nikaiambia Git inirudishe kwenye picha iliyotangulia. Sekunde hiyo hiyo kengele ikalia, nyekundu skrini nzima!

Maelezo yake ni mepesi. Ndani ya hazina Git haiweki faili kama lilivyo, inalibana kwanza ili lisile nafasi. Antivirusi inatafuta mfuatano fulani wa herufi, na kitu kilichobanwa hakina tena mfuatano ule. Ukirudi kwenye picha ya zamani Git inalibandua na kuliweka mezani likiwa zima. Ndiyo maana kaka yetu akikagua hazina anaona safi, na anasema kwa nia njema kabisa kwamba ni safi. Amekagua boksi lililofungwa kwa gundi.

Nilionyesha jaribio hilo kikao cha pili. Hapo hoja ikabadilika. Hakuna tena aliyesema kirusi hakimo. Sasa ikawa: kimo, lakini tukiache.

Mwenyekiti wangu ninamheshimu, na hoja yake si ya kijinga, kwa hiyo niiweke vizuri. Kwenye Git kila komiti ina jina lake, mfuatano wa herufi na tarakimu 40 unaotokana na yaliyomo ndani yake PAMOJA NA jina la komiti iliyoitangulia. Chukua daftari la mahudhurio ambalo juu ya kila ukurasa umeandika jumla ya ukurasa uliopita. Ukigusa ukurasa wa tano, jumla zote kuanzia wa sita mpaka wa mwisho zinabadilika. Ndivyo ilivyo. Ukitoa Ramani.exe kwenye picha ya miezi kadhaa iliyopita, komiti zote za baadaye zinapata majina mapya, na nakala za watu thelathini hazifanani tena na hazina. Inabidi kila mmoja aache ya kwake achukue mpya. Mwenyekiti anasema huko ni kuvunja kazi za watu kwa sababu ya faili moja ambalo limeshafutwa. Halafu akaleta mifano ya wakubwa.

Mfano wa kwanza PHP. Machi 28, 2021 watu wasiojulikana waliingiza komiti mbili zenye mlango wa siri kwenye chanzo cha lugha hiyo, wakajifanya Rasmus Lerdorf na Nikita Popov. Zikaonekana, zikatenguliwa kwa komiti nyingine. Historia haikuguswa. Wa pili xz, ile programu ya kubana mafaili. Machi 29, 2024 mhandisi mmoja, Andres Freund, alitangaza kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yana mlango wa siri. Na alivyogundua ni kwa sababu kuingia kwenye mashine kwa SSH kulichelewa kama nusu sekunde akashindwa kuvumilia! (Huyo angekuja kutumia mtandao wa maktaba yetu angekufa.) Sumu ilikuwa imefichwa ndani ya mafaili yaliyojifanya ni ya majaribio. Mwenye mradi, Lasse Collin, baadaye akayaondoa kwa komiti ya kawaida. Yako kwenye historia mpaka leo. Sasa, anauliza mwenyekiti, kama wakubwa hawakufuta historia, sisi ni nani?

Nimelala na swali hilo siku mbili, na naona mifano yote miwili inamgeuka.

Kwanza, yale yalikuwa mashambulizi. Kuna mtu alifanya makusudi, na dunia nzima ilihitaji kuona alipita wapi, lini, kwa hatua zipi. Picha za zamani zilikuwa ushahidi. Ramani.exe ni ushahidi wa nini? Kwamba steshenari zina virusi? Hilo tunalijua tangu tupo sekondari. Pili, sumu ya xz ikiwa imelala kwenye historia haimpati mtu kwa kubofya. Ilihitaji mchakato mzima wa kutengeneza programu, kwenye aina fulani za Linux, ili iamke. Ya kwetu inahitaji mtoto wa kidato cha pili na kidole kimoja. Na tatu, ambalo ndilo linaniuma: wale walipiga kelele. Freund aliandika hadharani kwenye orodha ya barua ya watu wa usalama. Popov naye alitangaza. Waliacha historia lakini hakuna aliyebaki gizani. Sisi tumeacha historia NA tumenyamaza. Huwezi kuchukua nusu ya mfano wa mtu, ile nusu rahisi, ukasema umemwiga.

Kama mnataka mfano unaofanana na wetu upo. Mei 2020 watafiti wa usalama wa GitHub walitoa taarifa ya kirusi walichokiita Octopus Scanner. Kilikuwa kinashambulia miradi ya NetBeans, ile programu ambayo wenzetu wa kompyuta wengi walianzia Java nayo. Kinajipachika ndani ya mradi, ukiujenga kinaamka, kinatafuta miradi mingine ya NetBeans kwenye mashine yako nacho kinaipachika. Walikuta hazina 26 zimeambukizwa, na wenye hazina hawakuwa na habari kabisa. Walikuwa wanakomiti kirusi kwa mikono yao wenyewe wakidhani wanakomiti kazi ya darasani. Kwa kawaida GitHub wangezifunga hazina hizo yakaisha. Lakini wenyewe hawakuwa wahalifu, ikabidi wakae chini watafute namna ya kukitoa kirusi bila kuwafungia watu akaunti. Kazi ngumu, wakaifanya, wakaiandika, kila mtu akasoma. Hao ndio wa kuwaiga, mwenyekiti.

Sasa tuje kwenye shule, maana huko ndiko ugomvi ulikozaliwa.

TP iliyopita tulipeleka madesa shule nne. Hazina intaneti ya uhakika, kwa hiyo tulinakili hazina nzima kwenye diski, pamoja na historia yake, tukaipachika kwenye kompyuta za maabara. Na kwa mikono yetu tukawafundisha walimu: ukitaka ya mtaala mpya baki hapa, ukitaka ya zamani andika git checkout na jina la tagi. Tukawabandikia na karatasi ukutani! Mwalimu wa kompyuta wa shule mojawapo alifurahi mpaka akatununulia soda. Yeye peke yake ndiye anayehudumia chumba kile, na kompyuta anayotumia kwa madesa ndiyo hiyo hiyo anayowekea alama za maendeleo za wanafunzi, CA za shule nzima.

Sasa fikiria anavyofuata karatasi yetu ukutani. Anaandika jina la tagi. Git inambandulia picha ya zamani. Folda ya njano inakaa mezani, "Ramani", anaibofya kwa sababu anataka ramani.

Nikiambiwa "antivirusi itakamata" huwa nakosa la kusema. Antivirusi ipi? Zile mashine nyingine ni Windows 7, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia Januari 14, 2020. Nyingine ni Windows 10, nayo huduma yake ya kawaida iliisha Oktoba 14, 2025. Hazijawahi kuona sasisho tangu zitoke kwenye boksi. Antivirusi isiyosasishwa haivijui virusi vya juzi. Mashine ya dada yule ilipiga kelele kwa sababu ya kwake ina bando kila siku.

Na kirusi kikishaamka pale, nani atalaumiwa? Sisi tutakuwa tumesharudi chuo tunagombania viti vya lecture. Mkuu wa shule atamwita yule mwalimu aliyetununulia soda, atamwuliza kwa nini alama za kidato cha nne hazifunguki, kwa nini flashi za ofisi ya taaluma zimejaa shotikati. Hatakuwa na jibu kwa sababu hajui. Atajilaumu yeye, au atawalaumu wanafunzi kwamba wameleta flashi za nyimbo, na chumba kitafungwa kwa kufuli. Mimi nimesoma shule ambayo chumba cha kompyuta kilifungwa mwaka mzima kwa habari za namna hiyo. Tulikuwa tunachungulia dirishani.

Ukimbana mtu wa uongozi pembeni, nje ya kikao, atakwambia sababu ya kweli, na wala haihusu Git. Wanaogopa aibu. Tukiwaambia shule kwamba tuliwapelekea kirusi, TP ijayo hawatatupokea, na mratibu wa mazoezi ya kufundisha atauliza maswali. Naelewa hofu hiyo, na mimi nahitaji kupangiwa shule kama nyinyi. Lakini jamani tunasomea ualimu! Mwaka ujao tutasimama mbele ya watoto kuwaambia wakivunja beaker waseme. Tunawaambiaje?

Kuna wengine, nao ni marafiki zangu, wanasema basi tuifute hazina yote, tuanze upya na mafaili ya leo. Ni rahisi kweli, dakika tano. Siitaki njia hiyo kwa sababu mbili. Historia ile ndiyo inayoonyesha nani alifanya kazi gani. Kuna kaka amemaliza mwaka juzi aliyeandika karibu Fizikia yote ya kidato cha tatu, jina lake liko kwenye komiti zake na si mahali pengine popote. Tukianza upya madesa yote yatasomeka kana kwamba yameandikwa siku moja na mtu mmoja, yule atakayebonyeza. Na sababu ya pili, kuanza upya kwetu hakugusi diski zilizoko kwenye zile shule nne.

Njia ipo na haihitaji mganga. Inaitwa git filter-repo. Watu wa Git wenyewe tangu toleo la 2.24 la mwaka 2019 wanashauri itumike badala ya ile ya zamani, filter-branch, ambayo ni ya polepole na ina mitego mingi. Unachukua nakala mpya ya hazina, unaitajia yale mafaili, unaiambia ilete kila kitu isipokuwa hayo. Inapita picha moja moja tangu mwanzo na kuipiga upya bila Ramani.exe. Majina ya waandishi yanabaki. Tarehe zinabaki. Tagi zinahamia kwenye picha mpya. Kinachobadilika ni yale majina ya herufi 40, ambayo sijawahi kumsikia mtu kwenye kikundi hiki akiyataja kwa mapenzi. Wenye haraka wanaweza kutumia BFG, nayo inafanya kazi, ila mjue kwa kawaida haiigusi picha ya mwisho kabisa, inaamini umeshaisafisha mwenyewe.

Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe inaanza, na ndiyo maana nimewasumbua kwa maandishi marefu hivi. Kwenye laptopu iliyofanya usafi, komiti za zamani hazipaswi kubaki zikining'inia: Git ina tabia ya kukumbuka ulikopita, mpaka siku 90, kwa wema tu. filter-repo ikikimbia kwenye nakala mpya inasafisha na hayo, lakini anayetumia njia nyingine lazima afute kumbukumbu hiyo ya reflog mwenyewe na kuendesha git gc. Kwa upande wa GitHub, komiti zilizowahi kupita kwenye maombi ya kuunganisha kazi zinashikiliwa na GitHub wenyewe. Sisi hatuwezi kuzigusa, inabidi kuwaandikia wazitoe. Mtu aliyejitengenezea tawi lake la hazina huko kwenye akaunti yake naye anayo yote.

Na hatari kubwa kuliko zote ni mtu mmoja mwenye nakala ya zamani. Mmoja tu. Akija baada ya usafi, akavuta ya kwetu, akaiunganisha na ya kwake, akasukuma... historia yote ya zamani inarudi, Ramani.exe na shotikati zake, na sasa hazina ina picha mara mbili mbili. Tutakuwa tumefanya kazi bure na kuongeza vurugu. (Wenzetu wa Subversion wamepumua kidogo hapa, maana historia yao inakaa kwenye seva moja. Msimamizi anaimwaga yote kwa svnadmin dump, anaichuja kwa svndumpfilter, anaipakia upya, basi. Lakini tulichagua Git kwa sababu kila mtu anabeba kila kitu. Basi kila mtu anabeba na hiki.)

Kwa hiyo mwenyekiti anaposema usafi utavuruga nakala za watu thelathini, namjibu ndiyo, utazivuruga, na inatakiwa. Nakala hizo ndizo zenye kirusi. Sisi si mradi wa Linux wenye watu mabara yote. Thelathini tunaishi hosteli tatu, tunakula kafteria moja. Asubuhi moja inatosha.

Nimeongea na kaka wa kompyuta, yule yule aliyetuletea Git. Amekubali, na hakuomba hata senti. Jumamosi hii saa nne asubuhi, chumba cha semina kile cha juu. Kama una kazi hujaisukuma, isukume kabla ya Ijumaa jioni ili isipotee. Baada ya hapo usisukume kitu chochote. Njoo na laptopu, na flashi zote, hata ile ya kaka yako. Tutafuta nakala za zamani mbele ya macho ya kila mtu na kuchukua mpya, na tutaweka .gitignore inayokataa .exe, .lnk, .vbs na autorun.inf ili nukta ya git add isizoe tena takataka.

Asiyeweza kuja anitumie ujumbe, nitamfuata chumbani.

Za shule nimeanza. Jana nimempigia yule mwalimu wa soda, nikamwamkia, nikamweleza kwa jina langu mwenyewe na si la kikundi, maana kikundi hakijanituma. Nimemwomba aitoe ile karatasi ukutani na asiitumie tagi mpaka tufike. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Sasa mwalimu, zile CA nizihamishie wapi?" Nimemwambia asizihamishie kwenye flashi, azichape kwanza kwenye karatasi. Zimebaki shule tatu. Mbili nina namba za walimu wao, ya tatu sina. Mliokuwa huko TP iliyopita, mnaijua ni ipi, nitumieni namba leo.